Umehamia Dar na mtoto mwenye selimundu? Anza na haya

Mwandikishe kliniki ya selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu) akiwa mzima. Mtoto anayefikishwa mara ya kwanza usiku, analia maumivu na hana faili, huchelewa kutibiwa kwa sababu daktari anaanza kuuliza kila kitu upya.

Kabla ya kupanda basi, omba hospitali ya huko ulikotoka ikuandikie muhtasari wa matibabu: kipimo kilichothibitisha ugonjwa, dawa na dozi, chanjo, kundi la damu, mara alizoongezewa damu, na kiwango chake cha damu anapokuwa mzima. Hicho cha mwisho husahaulika sana, nacho kina uzito mkubwa. Watoto wengi wenye SS, yaani waliorithi kinasaba cha selimundu kwa baba na kwa mama, huishi na himoglobini (kiwango cha damu) ya 6 hadi 9 g/dL. Aliyezoea 7 akikutwa na 7, namba hiyo peke yake si sababu ya kumwongezea damu. Aliyezoea 8 akikutwa na 5 yuko hatarini. Bila rekodi, wote wawili wataambiwa tu hawana damu.

Angalia na aina ya kipimo. Kile cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakitofautishi mtoto mgonjwa na aliyerithi vinasaba upande mmoja tu. Kinachothibitisha ni elektroforesisi ya himoglobini au kingine cha kiwango hicho. Kama hakufanyiwa, mwambie daktari siku ya kwanza.

Ukishapata chumba, jitambulishe kwa mjumbe, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho. Mpangaji mgeni hukwama hapa kwa kuwa hakuna anayemfahamu, kwa hiyo ongozana na mwenye nyumba. Barua hiyo utaihitaji kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali iwapo gharama zitakushinda. Sera ya msamaha inawahusu watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa wa magonjwa sugu, selimundu ikiwemo, lakini ukinyamaza dirishani utaandikiwa bili kama wengine. Pita ustawi kwanza, ndipo uende kwenye malipo.

Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala, kulingana na unakoishi. Muhimbili ni ngazi ya juu zaidi, na asiye na rufaa wala dharura anaweza kupoteza siku nzima. Ulizia siku ya kliniki ya selimundu. Hakikisha pia majina ya mtoto yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na rufaa. Jina la babu likiandikwa huku na la ukoo kule, faili zinakuwa mbili na majibu ya vipimo yanapotelea katikati.

Dawa zisikatike wakati wa kuhama. Beba za mwezi mzima. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, hupangwa kwa uzito na huendana na kupima damu mara kwa mara, hivyo usinunue famasi kwa dozi ya mwaka jana. Jihadhari na fefo: ina madini ya chuma, na mtoto huyu kwa kawaida anahitaji foliki asidi (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu) isiyochanganywa na chuma, mpaka vipimo vionyeshe amepungukiwa chuma. Muuzaji akikuambia "zote za kuongeza damu", usikubali. Chandarua ni kila usiku, maana malaria humshusha damu haraka.

Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka viganja na midomo, usisubiri kuche. Vivyo hivyo akiwa na homa ya 38.5 au zaidi, akipumua kwa shida, kifua kikibana, mdomo ukienda upande, au mkono ukilegea. Hapo rufaa haina kazi: nenda hospitali iliyo karibu, na ukifika mapokezi tamka kwanza kwamba ana selimundu, kabla hujaeleza homa.