Kufunga nyaya za betri kwenye inveta bila kuunguza kitu

Wale mnaofungua saluni na vibanda vya kuchaji simu huku Kibirizi na Ujiji, nawaomba sana msiunge inveta, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, kwa waya mwembamba wa taa. Inveta ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 ikifanya kazi kamili inavuta karibu ampia 100 ukihesabu na umeme unaopotea, waya wa taa hapo unayeyuka kabisa na nyumba inaweza kushika moto. Chukua waya wa shaba milimita 35 za mraba, mfupi, usizidi mita moja na nusu, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine, sio kusokota kwa mkono halafu unazungushia tepu.

Fyuzi, inayokata umeme ukizidi, ni lazima jamani, ampia 125 kwa inveta hiyo, na inakaa kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, maana ikiwa mbali waya ukichubuka katikati haikusaidii kitu.

Sasa kufunga. Vua pete na saa, zima inveta, chomoa kila kitu. Anza na chanya, hakikisha mara mbili, ukigeuza chanya na hasi tu inveta imekufa. Hasi ya mwisho, inaweza kutoa cheche kidogo, ni kawaida, ila kwa sababu betri za maji zinatoa gesi inayowaka fungua madirisha kwanza. Kaza nati vizuri, ikilegea inapata moto. Baada ya nusu saa ya kazi gusa waya juu ya plastiki, ukiwa wa moto zima. Kufungua unaanza na hasi.