Mnakuja Nakivale kuwahudumia akina mama? Jiandaeni hivi

Bwana asifiwe, akina mama.

Kila mwaka ikikaribia Juni simu yangu haitulii. Kundi la Bukoba linataka kuja, la Mwanza linataka kuja, mwaka juzi la Kisumu. Wote wana mzigo mmoja moyoni: kuwahudumia wajane na akina mama waliokimbia vita, walioko Nakivale, huku Uganda. Mimi ni mzaliwa wa Kagera niliyeolewa Mbarara, na ndiye ninayewapokea. Nimechoka kueleza yale yale kwa simu hadi salio linaisha, kwa hiyo leo naandika.

Kwanza: kibali kabla ya fulana

Makundi mengi huanza na fulana. Picha ya rangi za sare hunifikia kwenye WhatsApp kabla sijajua mnakuja lini. Wekeni fulana kando.

Nakivale, wilaya ya Isingiro, si kambi yenye uzio wa senyenge. Ni makazi, yapo tangu 1958, na serikali hapa humpa mkimbizi kipande cha ardhi alime. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea. Wakongo ndio wengi zaidi, wapo pia Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Ila uhuru huo ni wa mkimbizi, si wako. Mgeni anayetaka kukusanya watu na kuwahudumia anatakiwa awe na kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, kupitia idara yake ya wakimbizi iliyoko Kampala. Andikeni barua miezi mitatu kabla: majina, namba za hati za kusafiria, mtakachofanya, na kanisa linalowapokea. Mkifika, mnaripoti kwanza kwa komandanti wa makazi.

Niliwahi kuona basi zima limerudishwa, akina mama wamesimama nje ya ofisi wakiimba pambio kana kwamba wanazunguka kuta za Yeriko. Pambio halikuangusha kitu. Walilala Mbarara, kesho yake wakarudi kwao.

Pili: karatasi na dawa

Hapa sitakaa sana. Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Viza hamlipi. Kadi ya njano lazima, na chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchomwa siku ya kupanda basi. Ukishachanjwa mara moja inatosha maisha yote. Njoo na chandarua. Malaria ya huku haina mzaha.

Tatu: ulizeni kabla ya kufunga mizigo

Kundi moja lilikuja na magunia sita ya mitumba. Watu walisukumana, mtoto akakanyagwa kidole, na kufikia saa sita magunia yalikuwa matupu. Sokoni palepale kulikuwa na mjane anayeuza mitumba ili awasomeshe watoto wake. Nilipita kwake wiki tatu baadaye, nikamkuta amekunja turubai, hauzi tena. Nani anunue blauzi kwake wakati kabati limejaa za bure?

Tangu hapo nina sharti moja: kinachouzwa Nakivale au Mbarara, msikibebe. Njooni na fedha, mnunue hapa, ikiwezekana kwa akina mama wenyewe. Pedi za kufuliwa wanashona wao. Sabuni ya maji wanatengeneza wao. Pigieni kwanza kanisa mwenyeji, na muulize viongozi wa vikundi vya akina mama, msiishie kwa mchungaji peke yake.

Nne: mazoezi ya kunyamaza

Kama una haraka, ruka yote hayo mengine usome hapa.

Mwaka mmoja tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, upande wa Juru, humo humo Nakivale. Mgeni wetu mmoja, mama mwenye upako kweli, alishika kipaza sauti akauliza, “Kuna dada ana ushuhuda?” Kimya. Akamnyooshea kidole dada mmoja aliyekuwa pembeni mwa mkeka ananyonyesha. Dada akamtoa mtoto titini, akajifunga kitenge vizuri, akasimama. Akasema yote: njia ya porini, wanaume wenye bunduki, na mtoto huyu alivyopatikana. Wageni walilia. Mmoja alikuwa anarekodi.

Mimi nilikuwa namtazama mama aliyeketi nyuma yake, jirani yake wa mlango kwa mlango. Uso wake ulionyesha kwamba hakuwa anajua. Hadi Jumapili, kila mtu bombani alikuwa anajua, na yule dada akawa anateka maji usiku. Wageni wakati huo walikuwa wameshavuka mpaka wa Mutukula, wanaonyesha video kanisani kwao.

Kwa hiyo kila kundi linalopitia kwangu hufanya zoezi hili mara nne kabla ya safari. Kaeni wawili wawili, mmenye ndizi au mpukuchue mahindi, muongee nusu saa bila swali hata moja kuhusu yaliyopita. Unaruhusiwa kuuliza, “Msimu huu umepanda nini?” Unaruhusiwa kuuliza kitenge kimeshonwa wapi. Huruhusiwi kuuliza, “Ulikimbiaje?” Ni zoezi gumu, na wenye kipawa cha kuongea ndio hushindwa kwanza. Simu zinabaki kwenye mkoba. Na msaada usifungwe na kuitikia wito madhabahuni. Kwenye mkeka huo huo wapo dada wa Kisomali, Waislamu, na unga ni wao pia.

Tano: lugha na adabu

Wakongo mtaelewana nao, ingawa Kiswahili chao kina ladha yake. Wenyeji wa huku ni Wanyankole, jifunzeni angalau “agandi”. Kampala ni habari nyingine: kuna wazee ambao Kiswahili bado kinawakumbusha askari wa enzi za Idi Amin, hivyo usishangae mtu akikujibu kwa Kiganda. Na mkiambiwa “leo tunakula posho”, Watanzania msifurahi bure, hakuna bahasha. Posho ni ugali.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Bukoba:* Shikamoo mama. Mtu akinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba amebakwa, nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Msikilize, usimwahidi kitu usichokiweza. Kama limetokea juzijuzi, mweleze kwamba dawa za kuzuia VVU hutolewa kituo cha afya ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Akikubali, msindikize. Usimpeleke polisi kwa uamuzi wako, ni wake. Lakini akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, hapo hakuna hiari, taarifa lazima itolewe, na mimi nipigie siku hiyo hiyo.

*Mama wa Kisumu:* Tumechanga pesa kidogo. Tugawe kwa kila mama ama?

Mkigawa, itaisha jioni. Wengi wana vikundi vya kuweka na kukopa, kama chama chenu au vikoba vya Tanzania. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu tofauti, ili asipatikane wa kulifungua peke yake. Msitie fedha zenu sandukuni, mtavuruga hesabu na mioyo. Nunueni vitabu vya akiba, au lipieni mafunzo.

*Mama mchungaji wa Mwanza:* Waume wanaruhusiwa kuja?

Wawili watatu, wenye kujua kupika au kuchimba choo. Wahubiri tunao.

*Mama wa Rubondo, Nakivale:* Jambo mama. Wageni banakuyaka, banapiga picha na batoto betu, banaenda. Sanduku tuko nayo, lakini kitabu hatujue kuandika. Mutuletee mutu wa kutufundisha hesabu.

Aksanti mama, nimekusikia. Kundi la Septemba lina mhasibu mstaafu, mama wa watu kabisa, shida yake magoti, hawezi kukaa chini kwenye mkeka. Nitamwambia aje na kigoda chake.