Gia za mkono au otomatiki kwenye Suzuki Swift Sport

Anayetafuta Suzuki Swift Sport iliyotumika Japani hukutana na swali la gia kabla hata ya swali la rangi, na jibu lake hutegemea toleo la gari. ZC32S, yenye injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, hufikia kilele chake cha nguvu za farasi 136 injini inapozunguka karibu mara 6,900 kwa dakika. Kwa hiyo gia sita za mkono ndizo zinazoiamsha, ilhali giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, huifanya ingurume kuliko inavyokimbia. ZC33S, iliyotoka mwaka 2017, ni habari nyingine, kwa kuwa injini yake ya turbo ya lita 1.4 huvuta vizuri tangu mizunguko 2,500, na otomatiki yake ya gia sita haikunyimi mengi, hasa kama kila jioni unakaa kwenye foleni ya Mombasa Road, ambako mwenye gia za mkono hukanyaga na kuachia klachi.

Ukichagua gia za mkono, ijaribu klachi kabla ya kulipa: vuta breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, kisha uiachie klachi taratibu. Injini ikizimika papo hapo, klachi bado ni nzima. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza, na bei haina budi kushuka. Ukichagua CVT, uliza imewekwa oili gani, maana oili ya otomatiki ya kawaida huiharibu, na fundi asiyelijua hilo humimina yoyote aliyonayo.