Ukitaka kusoma barua za Du Bois pale Amherst
Wadogo zangu mnaokuja kusoma historia huku, nanyi mliobaki Dodoma na Dar mnaonitumia ujumbe "dada, nipigie picha barua za Du Bois", naandika mara moja nipumzike.

Jengo la maktaba zinakotunzwa halipotei. Ni mnara wa matofali wa ghorofa 28 katikati ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Lilipewa jina la W. E. B. Du Bois, msomi na mwanaharakati Mmarekani mweusi, mwaka 1994, miaka 31 baada ya mzee kufariki Accra. Mtaambiwa msanifu alisahau kupiga hesabu ya uzito wa vitabu, ndiyo maana jengo linazama. Kila mgeni hupewa stori hiyo, mcheke mpite. Chini ndiko wanafunzi wanakokesha wakati wa mitihani. Wewe panda lifti hadi ghorofa ya 25, kwenye nyaraka.

Usipande bila taarifa. Tuma barua pepe siku kadhaa kabla, utaje boksi unalolitaka. Begi na kalamu ya wino vinabaki nje. Penseli, kompyuta na simu ya kupigia picha bila flashi vinatosha. Toa folda moja tu kwa wakati, na usivuruge mpangilio ulioukuta. Barua nyingi alizotuma yeye utazikuta kama kopi za kaboni: karatasi nyembamba inayoonyesha kivuli cha vidole, herufi zimevimba wino na kufifia pembeni. Alikuwa na desturi ya kubaki na kopi, ndiyo maana leo tunasoma barua pamoja na majibu yake.

Mlio mbali msilipe nauli. Nyaraka hizo, takriban 100,000, zimewekwa kwenye tovuti ya maktaba iitwayo Credo, bure. Wengi mnakwama kwenye kutafuta. Usiandike "Du Bois", maana kila barua ina jina hilo. Anza na mtu wa upande wa pili na mwaka, na tumia majina ya enzi zile: Tanganyika, si Tanzania; Gold Coast, si Ghana. Kwa Mkutano wa Umajumui wa Afrika wa Manchester, 1945, ule aliokaa na Kenyatta na Nkrumah, andika "Padmore 1945" (George Padmore alikuwa mmoja wa waandaaji), kisha soma kwa kufuata tarehe. Ukirukaruka utaona majibu ya maswali usiyoyajua.

Walimu wa sekondari, ninyi tafuteni barua ya Januari 1905. Wakati huo Du Bois alikuwa akifundisha Atlanta. Alisikia kuna msichana mweusi huko Pennsylvania, mwenye akili, aliyeacha kujitahidi shuleni kwa sababu haoni masomo yatamfikisha wapi. Hakumjua, wala hakuwahi kumwona, lakini akakaa akamwandikia. Ni fupi, na ina ukali wa mwalimu. Mimi ningewasomea wanafunzi hiyo kabla hata ya kugusa mikutano ya Umajumui wa Afrika.

Ukishaipata barua, nakili namba yake yote kabla hujafunga ukurasa. Huanza na mums312, yaani mkusanyo mzima wa Du Bois. B na tarakimu zake ni boksi, i ni karatasi yenyewe. Msimamizi wa tasnifu akikuuliza umetoa wapi, mpe namba hiyo. Na siku ukifika Amherst, namba hiyohiyo ndiyo itakayokuonyesha boksi la kuomba ghorofa ya 25.