Somo: Kusoma takwimu za mdakaji wa besiboli, mfano ukiwa Iván Rodríguez

Wakuu, juzi kijana mmoja aliniletea ukurasa wa takwimu za Iván Rodríguez wa Puerto Rico akaniuliza, "Wastani wa kupiga .296 tu, sasa huyu anasifiwa nini?" Alianzia upande wa kupiga, kama wengi wetu tulivyoanza. Kwa mdakaji, huko ndiko kwa kumalizia.

Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, barakoa usoni, kikinga kifuani, akipokea mipira ya mrushaji. Kuna wanaomwita golikipa wa besiboli. Mimi jina hilo silipendi, kwani golikipa hamchagulii mtu mpira wa kurusha. Mdakaji humchagulia mrushaji wake, kwa ishara za vidole vilivyofichwa katikati ya mapaja.

Hatua ya 1: Mechi alizodaka. Usichanganye na mechi alizocheza. Rodríguez alicheza 2,543, na kati ya hizo alidaka 2,427. Hakuna mtu katika Ligi Kuu ya Marekani aliyedaka nyingi kuliko hizo. Alianza Texas Rangers Juni 1991 akiwa na miaka 19, akamalizia Washington 2011, timu sita kwa jumla. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Carlton Fisk, mechi 2,226. Aliivunja Juni 2009 akiwa na Houston Astros, na kwa bahati siku hiyo walikuwa wageni kwenye uwanja uleule wa Texas. Wote wawili walikuwa na jina moja la utani, Pudge. Mechi moja ni kuchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100, kwa hiyo ukiona namba hii fikiria magoti kwanza.

Hatua ya 2: Wezi. Hapa tukae kidogo. Mkimbiaji aliye besi ya kwanza (besi ni vituo anavyovizunguka mkimbiaji ili apate pointi) husubiri mrushaji aanze kurusha, kisha huchomoka kuelekea besi ya pili. Huko ndiko kuiba besi. Mdakaji apokee mpira, autoe kwenye glavu, ainuke, aurushe mita 38 na ushee. Tangu mpira ugonge glavu yake hadi ufike besi ya pili, sekunde mbili ni kawaida. Chini ya 1.9 ni mkono wa hatari.

Tafuta safu ya SB, walioiba wakafanikiwa, na CS, walionaswa. Za Rodríguez ni 786 na 661. Jumlisha upate 1,447, kisha gawanya 661 kwa hiyo jumla: karibu asilimia 46. Enzi zake kiwango cha ligi kilikuwa asilimia 30 hivi. Na hao ni waliothubutu. Waliobaki wamekanyaga besi kwa kumwogopa hawana safu yao. Tena alikuwa na tabia ya kurusha mpira besi ya kwanza akiwa bado amepiga magoti, akamnasa mtu aliyejisahau hatua mbili tatu.

Hatua ya 3: Sasa gongo. Mapigo salama 2,844 gawanya kwa nafasi 9,592, unapata .296. Mlinganishe na wadakaji wenzake, usimweke na watu wanaosimama uwanja wa nje wakipunga upepo. Mwaka wake mkubwa ni 1999: wastani .332, mipira 35 nje ya uwanja, na besi 25 aliiba yeye mwenyewe. Lakini tazama safu ya BB, yaani kupewa besi ya bure kwa kuiacha mipira mibovu: 24 tu mwaka mzima. Alikuwa na papara ya kupiga, na sifa zote hizo haziifuti.

Hatua ya 4: Tuzo. Pita haraka. Glavu za Dhahabu (tuzo ya ulinzi bora) 13, nyingi kuliko mdakaji yeyote, na mwaka 2017 aliingia Jumba la Mashujaa, Cooperstown, kwa kura ya mwaka wa kwanza. Kabla yake, mdakaji aliyewahi hivyo ni Johnny Bench peke yake.

Maswali ya wanachama

Mkuu, mwizi akifanikiwa, lawama ni ya mdakaji au ya mrushaji?
Ya wote wawili. Mrushaji mwenye mwendo mrefu wa mkono humwachia mdakaji wake kazi ambayo haiwezekani. Wapo pia waliomlalamikia Rodríguez kwamba aliitisha mipira ya kasi mno ili apate nafasi ya kuwanasa wezi. Lawama ya namna hiyo huwezi kuithibitisha kwa safu ya CS.

Rodríguez kupewa tuzo ya mchezaji bora 1999 ilikuwa haki kweli?
Mimi ningempa mrushaji Pedro Martínez wa Boston, aliyeshinda mechi 23 akapoteza 4. Martínez alipata kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza, 8 kwa 7 za Rodríguez, ila wapiga kura wawili hawakumwandika kabisa, akashindwa kwa pointi 252 kwa 239.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna wadakaji?
Wapo. Dennis Kasumba wa Uganda, yule wa video za mazoezi na matairi, ni mdakaji. Mwaka 2023 alikwenda kuchezea timu ya Frederick Keys huko Maryland, Marekani.

Mbona wadakaji wa sasa wana asilimia ndogo hivyo ya kunasa wezi? Mikono imelegea?
Hapana, ndugu yangu, sheria zilibadilika 2023. Besi zimeongezwa upana kutoka sentimita 38 hadi 46, na mrushaji akishajaribu mara mbili kumnasa mkimbiaji, ya tatu asipomtoa, mkimbiaji anasogezwa besi moja bure. Mwaka huo wezi walifanikiwa mara 80 katika kila 100. Kwa hiyo wa leo mpime na wa leo.