Somo: Kiingereza cha nyumba, kuanzia mlangoni hadi kwenye mkataba

Wanafunzi wangu wa darasa la jioni huja na daftari zilizojaa: "door" ni mlango, "window" ni dirisha, "roof" ni paa. Wameyakariri hayo tangu shule ya msingi. Lakini mwambie mmoja wao ampigie simu baba mwenye nyumba, amweleze kwa Kiingereza kwamba paa linavuja na godoro limelowa, anabaki kimya. Nami niliwahi kukaa kimya hivyo hivyo, na najua inavyouma.

Kwa hiyo leo siwapi orodha nyingine. Twende kwenye zile sehemu ambazo lugha hizi mbili haziendi pamoja, maana hapo ndipo tunapokwama.

Hatua ya 1: Tenganisha "house" na "home"

"House" ni jengo. "Home" ni kwetu, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana kuliko tunavyodhani. Sisi tuna nyumba na nyumbani, na ile -ni ya mwisho imekwisha kubeba mahali. "Home" katika "I am going home" inafanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana haitaki "to". Usiseme "I am going to home", kama ambavyo husemi "naenda kwa nyumbani". Ila "house" inaitaka: "I am going to his house."

Na ukitaka kusema ulilala kwa shangazi? "I spent the night at my aunt's." Neno "house" limeachwa, na ile "'s" imechukua kazi ya "kwa" yetu.

Angalieni pia kazi za nyumbani. Kufagia na kuosha vyombo ni "housework". Zile alizotoa mwalimu ni "homework".

Hatua ya 2: Zunguka nyumba yako ukitafuta maneno yenye sura mbili

Jiko kwetu ni chumba na pia ni kifaa. Kiingereza kinagawa: chumba ni "kitchen", kifaa ni "cooker" kwa Waingereza na "stove" kwa Wamarekani. Jiko la mkaa ni "charcoal stove". Fensi nayo ina mtego. Mtaani tunasema nyumba ipo ndani ya fensi hata kama uzio ni wa tofali, lakini "fence" ni ya waya, mbao au vyuma. Ya tofali ni "wall". Paa ni "roof", dari ni "ceiling". Samani zote ni "furniture", haiongezwi "s" hata ziwe kumi. Kiti kimoja ni "a piece of furniture".

Hatua ya 3: Kupanga na kupangisha

Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa pesa zinahusika.

Kiswahili kinatofautisha kwa kitenzi chenyewe: mpangaji anapanga, mwenye nyumba anapangisha. Kiingereza kina "rent" moja kwa wote wawili, na kinachokuokoa ni neno linalofuata. "I rent a room from her" ni mimi ninayelipa. "She rents out two rooms" ni yeye anayelipwa. Waingereza wana pia "let" kwa upande wa mwenye nyumba, ndiyo hiyo "To Let" inayoandikwa kwenye vibao. Mwenye nyumba ni "landlord", akiwa mwanamke "landlady", na mpangaji ni "tenant".

Kisha kuna kodi. Sisi tunalipa kodi ya nyumba na kodi ya mapato kwa neno lile lile. Kwa Kiingereza, ya mwenye nyumba ni "rent", ya serikali ni "tax". Ukisema "I pay tax to my landlord" hakuna atakayekuelewa.

Sasa lile ninalolisisitiza kila muhula: "rent in advance" na "deposit" si kitu kimoja. Ya kwanza ni kodi unayotanguliza, kwa mfano "six months' rent in advance", na utaimaliza kwa kuishi. Ya pili ni dhamana. Ukihama bila deni na bila kuharibu kitu, inatakiwa irudi kwako. Kabla hujatia saini, uliza hivi: "Is the deposit refundable?" Likariri swali hili neno kwa neno. Na mkataba wenyewe huitwa "tenancy agreement" Uingereza, na Marekani "lease".

Hatua ya 4: Soma matangazo

"2 bed flat" si nyumba yenye vitanda viwili, ni yenye vyumba viwili vya kulala. "£900 pcm" ni paundi 900 kwa kila mwezi wa kalenda, na "pw" ni kwa wiki. "Furnished" ina samani, "unfurnished" haina. "Bills included" maana yake umeme na maji vimo ndani ya kodi, lakini uliza ni bili zipi hasa. Wamarekani husema "apartment" badala ya "flat".

Zoezi: andika tangazo la chumba unachoishi sasa, mistari minne tu.

Hatua ya 5: Sema kilichoharibika

Jifunze sentensi nzima, si neno. "The roof is leaking." "The sink is blocked." "The tap is dripping." "The lock is broken." Halafu ongeza: "When can you fix it?"

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Nairobi: Naishi kwenye bedsitter. Nikifika Uingereza niseme hivyo hivyo?

Jibu: Hapana. Kule "bedsit" ni chumba ambacho mara nyingi bafu na choo mnashirikiana na wengine. Yako ina vyake ndani, hiyo ni "studio flat".

Swali, kutoka Mwanza: Na chumba "self"?

Jibu: Kama ni chumba chenye choo na bafu lake, sema "en suite room". Uingereza "self-contained" ni makazi yaliyokamilika, pamoja na jiko lake.

Swali, kutoka Dubai: Natafuta pa kuishi, naona "bed space" na "2BHK". Ni nini?

Jibu: "Bed space" ni kitanda tu ndani ya chumba mnachokaa watu kadhaa. Muulize mwenye nyumba mapema: "How many people share the room?" BHK ni "bedroom, hall, kitchen", kwa hiyo 2BHK ni vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko.

Swali, kutoka Dar es Salaam: "First floor" ni ya chini au ya juu?

Jibu: Kwa Mwingereza ya chini ni "ground floor", na "first floor" unapanda ngazi. Kwa Mmarekani "first floor" ndiyo ile ya chini. Ukielekezwa kwa mtu, uliza kwanza: "Do I need to take the stairs?"

Swali, kutoka Mombasa: Mwalimu wangu alinikosoa kwa kuuliza "Where do you stay?" Nilikosea?

Jibu: Afrika Mashariki utaeleweka, na hata Scotland huuliza hivyo wakimaanisha makazi. Kwingineko Uingereza "stay" ni ya muda, kama hotelini. Kwenye mtihani andika "Where do you live?"

Swali, kutoka Lamu: Baraza ya mbele ya nyumba naitaje? Kamusi inanipa "veranda".

Jibu: "Veranda" ina paa na nguzo, baraza yenu haihitaji hivyo. Mimi ningeliacha neno lenyewe na kulieleza: "We sit on the baraza, the stone bench outside our front door." Msikilizaji ataiona, na atajua mnaketi hapo na nani jioni ukimwongezea: "with our neighbours."