Kabla hujapima herpes kwa damu, soma hapa kwanza

Mwezi huu peke yake nimeongea na wadada watatu wanaolia na karatasi ya majibu ya herpes mkononi, kile kirusi cha vidonda vya sehemu za siri na mdomo, nikasema acha niandike maana mimi nimeshapita humo na sikuwa na wa kunishika mkono. Sio daktari mimi, ni mtu tu aliyekaribia kuvunja harusi yake kwa sababu ya herufi nane.

Jiulize kwanza unapima kwa nini. Kama una kidonda au malengelenge sasa hivi achana na habari za damu, nenda leoleo wakuchukulie majimaji ya hicho kidonda kwa pamba wakapime PCR, kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, na uwahi kabla hakijakauka, kikishakauka kipimo kinaweza kukosa kirusi ukaambiwa huna wakati unacho. Damu inaonyesha kingamwili tu, yaani mwili ulishawahi kukutana na kirusi. Haisemi lini, haisemi kimekaa wapi, haisemi nani kakupa. Hilo la nani kakupa lisome mara mbili.

Kama huna dalili yoyote na umeamua tu kupima, jua kwamba hata Marekani jopo lao la wataalamu wa kinga ya magonjwa, USPSTF, linashauri watu wasio na dalili wasipimwe herpes kwa damu, walisema 2016 wakarudia 2023, na sababu mojawapo kubwa ni majibu ya uongo.

Usikimbilie. Umelala na mtu Jumamosi, Jumatatu uko maabara, hapo umetupa hela. Kingamwili zinachukua wiki kadhaa kuonekana, kwa wengine mpaka miezi mitatu.

Omba IgG, yaani kipimo cha kingamwili zinazodumu, inayotenganisha herpes aina ya 1 na ya 2. IgM, kile cha kingamwili za mwanzo, ikatae. Wanaoumizwa sana hapa ni wamama waliopoteza mimba, wanafanyiwa kile kipimo cha TORCH, cha damu cha kutafuta maambukizi yanayodhuru mimba, karatasi inarudi na mstari wa herpes IgM umewaka, mtu anaambiwa hiki ndo kilitoa mtoto wako, anarudi nyumbani kumwangalia mume kama muuaji. Jamani, IgM haitenganishi aina vizuri na inaweza kuwaka hata kwa mtu aliyeishi na kirusi miaka kibao, CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wanasema kabisa isitumike. Huna haja ya kugombana na mtu, sema tu "dokta naomba IgG ya aina zote mbili, kila moja peke yake."

Aina ya 1 isikutoe roho. WHO wanakadiria watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 wanayo, wengi waliipata utotoni, ni vile vidonda vya mdomo vinavyokuja na homa. Na mkanda wa jeshi ni kitu kingine, huo unaletwa na kirusi cha tetekuwanga, jina tu la kizungu, herpes zoster, linafanana, kwahiyo usimnyooshee kidole shangazi yako.

Sasa hili ndo nililolipia. OMBA NAMBA.

Miezi miwili kabla ya harusi kanisani walitaka majibu ya HIV tu, mimi nikajifanya mjanja nikalipia pakeji nzima. HIV sina, kaswende sina, homa ya ini sina, HSV-2 IgG, yaani herpes aina ya 2: POSITIVE. Basi. Hilo neno tu, hakuna kingine. Binti wa kaunta akaniambia bila hata kuinua macho, "unayo, hiyo ni ya maisha, kuna dawa za kutuliza." Sikufika hata nyumbani, ndani ya bajaji nikampigia mchumba wangu nikamwambia maneno ambayo dereva mwenyewe alipunguza mwendo. Akakana, nikamwita muongo. Jioni nikamwambia rafiki yangu mmoja tu, ambaye alikuwa mweka hazina wa kamati, na unajua kamati za harusi, kesho yake wifi anajua. Mwenzangu akaenda kupima, yake ikatoka hana. Mambo yakageuka, sasa mimi ndo nimetoka nayo huko nilikotoka. Mahari imeshapokelewa, michango imeshaliwa nusu, kadi zimeshachapwa, na sisi wiki tatu hatuongei.

Aliyeniokoa ni mama mdogo, nesi mstaafu. Hakunipa pole wala nini, aliuliza tu, "namba ngapi?" Namba gani tena? Kumbe mashine haisemi ndiyo au hapana, inatoa namba, halafu mtu anachora mstari. Kwa vipimo vingi hivi chini ya 0.9 huna, juu ya 1.1 wanaandika unayo, katikati haieleweki. Nikarudi maabara, nikazungushwa siku mbili, ya tatu wakanichapia: 1.6.

Daktari wa ngozi alivyoiona alivua miwani. Akanieleza kwamba mwongozo wa CDC wa 2021 unataka namba yoyote iliyo chini ya 3 ithibitishwe kwa kipimo kingine, maana humo ndo uongo ulipojaa. Na huku kwetu ni zaidi, tafiti za Rakai Uganda na Kisumu Kenya zilikuta ule mstari wa kiwandani unawaandikia herpes watu wasio nayo, ukiupandisha mpaka kwenye 3.5 hivi ndo makosa yanapungua. Kipimo kinachoaminika kuliko vyote ni western blot, kipimo kingine cha kingamwili, ya Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, ila Seattle na kwetu Tabata, Dar, ni mbali. Akasema tusubiri wiki 12 zipite, halafu turudie kwa kipimo cha aina nyingine, sio kilekile, kilekile kinaweza kurudia uongo uleule.

Tukarudia. Sina.

Harusi ilifungwa Novemba badala ya Agosti. Wifi mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Sasa sijasema kila positive ni ya uongo, msije mkaninukuu vibaya. Namba ikiwa juu sana, au una vidonda vinavyokwenda na kurudi palepale, ipokee tu, watu zaidi ya milioni 500 duniani wana hiyo aina ya 2 na wanaoa na wanazaa. Dawa ya kutuliza, asaikloviri, ipo, andikiwa na daktari, usianze kumeza kabla hujathibitisha. HIV nayo pima, maana mwenye aina ya 2 anaipata kirahisi zaidi. Ukiwa mjamzito mwambie mkunga mapema, hasa kama vidonda vimeanza mimba ikiwa kubwa. Wale wa "dawa ya kusafisha damu siku 14 herpes kwisha" wapite mbali, hakuna dawa inayokitoa hicho kirusi mwilini. Karatasi zako zote tunza kwenye bahasha, za zamani na mpya, daktari wa pili atazitaka. Picha ya majibu usimtumie mtu WhatsApp, hata rafiki, hasa kama yuko kwenye kamati.